Askari Kanzu Mbele ya Tume

Ndugu msikilizaji, leo nataka tuzungumze juu ya mtu anayeitwa HN298.

Ndivyo anavyotajwa katika nyaraka za tume ya uchunguzi iliyoundwa Uingereza mwaka 2015. Alikuwa polisi wa London, askari kanzu, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kazi yake ilikuwa kuishi miongoni mwa vijana waliokuwa wakipinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Wale vijana hawakujua lolote kuhusu HN298. Walimjua Michael Scott, mwenzao katika mapambano. Tarehe 12 Mei 1972 alikuwa pamoja nao nje ya hoteli ya Star and Garter, eneo la Richmond, walipokwenda kulizuia basi la timu ya raga iliyokuwa njiani kwenda kucheza Afrika Kusini. Polisi wakawakamata, na yeye wakamkamata. Akatoa jina lake la uongo kituoni. Akashitakiwa kwa jina hilo, akasimama kizimbani kwa jina hilo, akatiwa hatiani kwa jina hilo. Kabla ya kesi alikuwa ameshaketi na washitakiwa wenzake wakipanga utetezi wao, na wakubwa wake kazini walikuwa na habari. Mahakama haikuambiwa. Ilipita zaidi ya miaka 50 ndipo hukumu za baadhi ya wenzake zikafutwa, na hapo walikuwa wamekwisha kuwa wazee.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinatuhusu kuliko tunavyodhani. Vuguvugu lile la kupinga ubaguzi wa rangi lilianzia kwenye mkutano uliofanyika Holborn, London, tarehe 26 Juni 1959, wa kuwaomba Waingereza waache kununua bidhaa za Afrika Kusini. Mmoja wa wasemaji siku hiyo alikuwa Mwalimu Julius Nyerere, wakati huo kiongozi wa TANU, na Tanganyika bado haijapata uhuru. Msemaji mwingine alikuwa Padre Trevor Huddleston, ambaye muda mfupi baadaye alikuja kwetu kuwa Askofu wa Masasi. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba serikali ya Uingereza iliwatuma askari kuwachunguza watu wa vuguvugu hili, tunaambiwa habari za watu waliosimama upande wetu wakati ambapo kusimama upande wetu hakukuwa na faida yoyote kwao.

Sasa tume. Kuna swali moja lililoikwamisha tume hii tangu siku zake za mwanzo, na ndilo ninalotaka tulitafakari leo: je, askari kanzu anapoitwa mbele ya tume ya umma aeleze aliyoyafanya, ana haki ya kufichwa jina? Mimi nina jibu, na nitalitoa wazi. Lakini halieleweki bila kujua askari hawa walikuwa nani.

Mwezi Machi 1968 yalifanyika maandamano makubwa London ya kupinga vita vya Vietnam. Yaliishia kwa mapambano makali na polisi katika uwanja wa Grosvenor Square, mbele ya ubalozi wa Marekani. Polisi walishtuka. Mwaka huohuo wakaunda kikosi cha siri ndani ya idara yao ya usalama, ambacho baadaye kilijulikana kama Special Demonstration Squad. Mpango wake ulikuwa tofauti na upelelezi wa kawaida. Kachero wa kawaida huvaa kiraia, hukaa kilabuni jioni moja, akarudi nyumbani kwa mkewe. Hawa walifuga nywele na ndevu, wakapanga vyumba, wakatafuta vibarua vya kuzugia, wakajiunga na vikundi vya siasa na kuishi humo miaka minne, mitano. Kikosi hicho kilidumu hadi 2008, na mwaka 1999 kilikuwa kimeshapata ndugu yake aliyefanya kazi nchi nzima. Kwa jumla wanatajwa askari wapatao 139, na vikundi vilivyochunguzwa vinazidi 1,000. Humo mna vyama vya wafanyakazi, watetezi wa wanyama, wapinzani wa silaha za nyuklia, wanaharakati wa mazingira, na familia za watu weusi zilizokuwa zikidai haki baada ya ndugu zao kuuawa.

Majina ya bandia waliyapata vipi? Hapa naomba tutulie kidogo. Kwa miaka mingi, hadi katikati ya miaka ya 1990, askari alikwenda kwenye masjala ya vizazi na vifo akatafuta mtoto aliyezaliwa miaka ileile aliyozaliwa yeye, akafa angali mdogo. Akachukua jina la mtoto, tarehe yake ya kuzaliwa, majina ya wazazi wake. Baadhi yao walikwenda hadi mtaa alikozaliwa yule mtoto kuuzoea, ili wakiulizwa wasibabaike. Wazazi hawakuombwa ruhusa wala kuambiwa. Kwetu jina la mtoto aliyetangulia linabaki ndani ya nyumba, hurithishwa mdogo wake au mjukuu, na huombewa dua. Pale lilichukuliwa na serikali likavishwa mtu mzima asiye wa ukoo, akalitumia kudanganyia watu.

Na wapo waliodanganywa zaidi ya wengine. Askari kadhaa waliingia kwenye mapenzi na wanawake waliokuwa wakichunguzwa nao. Sizungumzii usiku mmoja. Ni miaka. Walihamia kwao, wakahudhuria misiba yao, wakapanga nao maisha. Bob Lambert, aliyejiita Bob Robinson, alizaa mtoto na mwanaharakati mmoja katika miaka ya 1980, kisha akatoweka, na mama huyo alikuja kuujua ukweli baada ya zaidi ya miaka 20 alipoiona picha ya mwanamume huyo gazetini. Mwaka 2014 polisi wa London walimlipa fidia ya pauni 425,000. Lambert mwenyewe alipanda cheo hadi akawa mmoja wa wakubwa wa kikosi hicho.

Helen Steel, mwanaharakati aliyekuja kujulikana dunia nzima kwa kesi yake na kampuni ya McDonald's, aliishi na mwanamume aliyejiita John Barker. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanamume huyo akaondoka kama mtu aliyechanganyikiwa, akaacha barua. Mwanamke huyu hakukaa akalia tu. Alianza kumtafuta, kwa hofu kwamba mwenzake ni mgonjwa na anahitaji msaada. Aliingia kwenye masjala kutafuta cheti cha kuzaliwa. Akakikuta. Halafu akakuta na cheti cha kifo: John Barker alikufa kwa saratani ya damu akiwa na umri wa miaka minane. Fikiria, dada yangu unayenisikiliza, kugundua kwamba mtu uliyelala naye kitanda kimoja ana jina la marehemu. Ilimchukua miaka mingine mingi kufika kwenye jina la kweli, John Dines, askari polisi. Mwaka 2016 alisafiri hadi Australia, akakutana naye uso kwa uso kwenye uwanja wa ndege wa Sydney.

Haya hayakufichuliwa na bunge wala mahakama. Yalifichuliwa na waliodanganywa. Mwaka 2010 wanaharakati wa mazingira walimbana rafiki yao Mark Stone, akakiri kwamba ni Mark Kennedy, askari. Kesi moja ya waliotuhumiwa kupanga kuvamia kituo cha umeme cha Ratcliffe-on-Soar ikaporomoka mwanzoni mwa 2011, na mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa ikafuta hukumu za watu wengine 20. Waandishi Rob Evans na Paul Lewis wa gazeti la Guardian wakafukua zaidi. Na mwaka 2013 askari mmoja wa kikosi hicho, Peter Francis, akajitokeza kwa jina lake na kusema kwamba alitakiwa kutafuta mambo ya kuichafua familia ya Stephen Lawrence.

Stephen Lawrence alikuwa kijana mweusi wa miaka 18, aliyechomwa kisu na vijana wazungu kwenye kituo cha basi huko Eltham, kusini-mashariki mwa London, Aprili 1993. Familia yake ililia haki kwa miaka. Mwaka 1998 tume chini ya Jaji Macpherson ilikaa kuchunguza jinsi polisi walivyoivuruga kesi, na ripoti yake ya 1999 ikatamka kwamba polisi wa London wana ubaguzi wa rangi uliojengeka ndani ya taasisi. Lakini tume hiyo haikuambiwa jambo moja. Wakati inakaa, kulikuwa na askari kanzu karibu na kampeni ya familia, na mwezi Agosti 1998 alikutanishwa na ofisa wa polisi aliyekuwa akisaidia kuandaa utetezi wa polisi mbele ya tume hiyohiyo. Hayo yalitoka mwaka 2014 katika uchunguzi wa wakili Mark Ellison. Theresa May, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, akalazimika kuahidi tume ya umma, na mwaka uliofuata ikaundwa.

Ndipo tunafika kwenye majina.

Polisi walikuja kwa tume na ombi kubwa. Walisema desturi yao ni kutothibitisha wala kukanusha kwamba mtu fulani ni askari kanzu, na kwamba desturi hiyo ikivunjwa, hakuna atakayekubali tena kufanya kazi hiyo. Walisema askari wale waliahidiwa siri ya maisha yote. Mwenyekiti wa kwanza, Jaji Christopher Pitchford, alitoa uamuzi mwezi Mei 2016, nami nauona wa haki: hakutakuwa na pazia moja la kuwafunika wote. Mwanzo wa mambo ni uwazi, na kila anayetaka kufichwa alete sababu zake mwenyewe, zipimwe. Kwa bahati mbaya Jaji Pitchford aliugua, akajiuzulu 2017 na kufariki mwaka huohuo. Nafasi yake ikachukuliwa na Jaji John Mitting.

Chini ya Jaji Mitting maombi yalimiminika, na mengi yakakubaliwa. Kwa askari wengi alificha jina halisi na kulitoa jina la bandia. Kwa wengine alificha yote mawili. Katika kikao kimoja cha Februari 2018 alieleza kwamba mtu aliyedumu katika ndoa kwa miaka mingi ana uwezekano mdogo wa kuwa na uhusiano wa kimapenzi akiwa kazini. Wanawake waliokuwa ukumbini walikuwa wameishi na waume za watu bila kujua. Mwezi uliofuata, tarehe 21 Machi, wakili wao Phillippa Kaufmann alisimama akamwambia mwenyekiti kwamba hawawezi kuendelea kushiriki kwa namna ile, kisha wahusika na mawakili wao wakanyanyuka wakatoka ukumbini. Doreen Lawrence, mama yake Stephen, naye alilalamika hadharani kwamba tume aliyoahidiwa kuwa ya wazi inafunikwa kwa siri.

Mabishano hayo ya majina yalikula muda. Tume iliundwa 2015, shahidi wa kwanza akasikilizwa Novemba 2020. Miaka mitano, na mambo yenyewe yalikuwa yameanza 1968. Wapo waliofariki wakisubiri, kwa pande zote mbili.

Sasa nitasema upande wa askari, kwa sababu wana hoja na haifai kuirukia. Wengine waliingia kwenye vikundi vilivyokuwa na watu wa fujo kweli, wakiwemo wafuasi wa siasa kali za kizungu wanaopiga watu. Wengi sasa ni wazee, wana wajukuu, na majirani hawajui walichokuwa wakifanya. Wake zao na watoto wao hawakula kiapo chochote. Ahadi ya siri waliyopewa na wakubwa wao ilikuwa ahadi ya serikali, na raia yeyote angependa serikali itimize ahadi zake. Tena nje ya siasa kuna askari kanzu wanaokabili wauza dawa za kulevya na wasafirishaji wa watoto, na sijui mtu mwenye akili timamu anayetaka majina yao yabandikwe ukutani. Pale ambapo kuna hatari ya kweli ya kuuawa au kudhuriwa, jina halisi lifichwe. Nalisema bila kusita.

Lakini jina la bandia ni jambo jingine kabisa, na hapa ndipo naachana na polisi, naachana na Jaji Mitting pia kwa wale aliowafichia yote mawili.

Chukua tume nyingine ya Uingereza ileile, ya Jaji Saville, iliyochunguza mauaji ya tarehe 30 Januari 1972 mjini Derry, Ireland ya Kaskazini, siku ambayo askari wa jeshi waliwapiga risasi waandamanaji na kuua watu 13 papo hapo. Mwaka 1999 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba wanajeshi wale wafichwe majina, na wakapewa herufi. Familia zilikasirika, na zilikuwa na haki ya kukasirika. Hata hivyo herufi zile zilifanya kazi. Tukio lilikuwa la siku moja, katika mitaa michache, mbele ya mamia ya watu. Shahidi angeweza kusema: nilimwona askari pale pembeni ya ukuta, alipiga magoti, akalenga. Tume ikalinganisha na ramani, na picha, na risasi, ikasema huyo ni Askari F. Shahidi hakuhitaji kumjua kwa jina ili amtolee ushahidi. Ripoti ya 2010 ikaeleza nani alimpiga nani, na Waziri Mkuu akaomba radhi bungeni.

Kwa askari kanzu haiwezekani hivyo. Huyu hakuonekana siku moja na bunduki. Alionekana kila siku kwa miaka minne akiwa na kikombe cha chai mkononi, na aliyemwona hakujua kwamba anatazama kitu cha kukumbuka. Jina la bandia ndilo uzi pekee unaomuunganisha na watu aliowatendea. Ukilificha, anayebaki kueleza kilichotokea ni mtu mmoja tu duniani, naye ni yule anayetuhumiwa. Atasema hakuwa na uhusiano na mwanamke yeyote. Atasema hakuchochea vurugu, hakudanganya mahakama, hakusikiliza mashauri ya wakili. Nani atambishia? Yule mwanamke yupo, pengine anaishi mtaa wa pili kutoka kwenye ukumbi wa tume, pengine anasoma gazeti lenye habari ya HN fulani, akageuza ukurasa kwa sababu hizo herufi na tarakimu hazimwambii chochote. Ni sawa na kumtangazia mtu msiba bila kumtajia marehemu.

Kwa hiyo kuficha jina la bandia kunafanya zaidi ya kumlinda shahidi mmoja. Kunawafungia nje mashahidi wengine wote, na wao wenyewe hawajui kwamba wamefungiwa. Tume inayofanya hivyo inakuwa imeamua kesi kabla ya kuisikiliza. Wanaosema jaji anayo mafaili yote ya polisi, atasoma mwenyewe faraghani na kujiridhisha, wanasahau nani aliyaandika mafaili hayo. Ripoti za kikosi zilieleza nani alikuja mkutanoni, nani ana mimba, nani ameachana na nani, hata waliohudhuria mazishi ya Blair Peach, mwalimu aliyeuawa kwenye maandamano ya Southall mwaka 1979. Mambo ya wenzao waliyaandika kwa kirefu. Hutegemei mtu aandike humo kwamba amemdanganya mwanamke mapenzi.

Mawakili wa polisi wana jibu, na ni jibu zito: ukitoa jina la bandia, watu watalifuata hadi walifikie jina halisi. Helen Steel alifanya hivyo hivyo. Alianza na John Barker, akamfikia John Dines. Ni kweli. Lakini tuangalie kilichotokea baada ya hapo. Lambert majina yake yote mawili yako magazetini tangu 2011. Wanaharakati walimkabili hadharani, kwenye mkutano London, mwezi Oktoba mwaka huo, wakamwuliza maswali na kumtaka aombe radhi. Aliendelea kufundisha chuo kikuu kwa miaka kadhaa baadaye, na tume ilipomwita aliketi mbele yake akahojiwa. Dines alikutana na mwanamke kwenye uwanja wa ndege, akaulizwa kwa nini. Hayo ni mambo machungu kwa mwanamume yeyote, lakini uchungu wa kuulizwa na mtu uliyemdhulumu hauwezi kuitwa hatari ya usalama. Aibu na hatari visipimwe kwa mizani moja. Mzee anayeogopa mkewe ajue alichofanya mwaka 1985 namwonea huruma kama binadamu. Sioni kwa nini hofu yake iwe nzito kuliko haki ya mwanamke wa pili kujua nani alikuwa kitandani mwake.

Na wale watoto waliotumiwa majina? Wazazi wao hawana njia yoyote ya kujua kwamba jina la mwanao lilitembea barabarani miaka mitano, likaandikwa kwenye leseni ya gari, pengine likatiwa hatiani mahakamani, mpaka lile jina la bandia litajwe. Jina hilo ni mali ya familia. Polisi hawana haki ya kukitunzia siri kitu walichokiiba.

Kuna kumbukumbu moja ya kwetu inayonijia kila ninaposoma habari hizi, na nadhani wazee wa Kenya wanaonisikiliza tayari inawajia. Mwezi Aprili 1954 serikali ya kikoloni iliuzingira mji wa Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil, kuwasaka Mau Mau. Maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walipangwa mistari, wakapitishwa mmoja mmoja mbele ya watu waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho. Waliitwa gakunia. Gunia likitikisa kichwa namna moja, mtu anakwenda zake. Likitikisa namna nyingine, anakwenda kambini, miaka. Hakujua nani amemwonyesha, jirani yake au adui wa shamba lake, na hakuwa na pa kuuliza. Walioisimamia kazi hiyo walikuwa maofisa wa serikali ileile ambayo miaka 14 baadaye ilianzisha kikosi cha London. Sisemi kwamba ni kitu kimoja. Nairobi watu walipoteza uhai, mashamba na miaka ya maisha yao. Lakini anayejua habari ya gakunia hahitaji kuelezwa sana ni nini kukabiliwa na mtu anayekuona nawe humwoni, ambaye maneno yake yanapokelewa na yako hayana mlango wa kuingilia.

Haki ya kudai majina imethibitishwa na yaliyotokea pale yalipotajwa. Novemba 2015 polisi wa London waliwaomba radhi wanawake saba hadharani na kukiri kwamba uhusiano ule ulikuwa wa udanganyifu na unyanyasaji na ulivunja haki zao. Mwanamke mwingine, Kate Wilson, aliyekuwa na Mark Kennedy, aliipeleka kesi yake kwenye baraza la kisheria linaloshughulikia upelelezi, na mwezi Septemba 2021 likaamua kwamba haki zake za msingi zilivunjwa, kosa si la Kennedy peke yake, ni la wakubwa waliojua au waliofumba macho. Katika safari hiyo aligundua pia kwamba Kennedy hakuwa askari kanzu pekee aliyepita katika maisha yake. Na ripoti ya kwanza ya Jaji Mitting, ya mwezi Juni 2023, iliyohusu miaka ya 1968 hadi 1982, ilisema maneno ambayo hakuna aliyeyatarajia kutoka kwake: kwamba kazi ya kikosi hicho, kwa kiasi kikubwa, haikuhalalisha njia zilizotumika, na kwamba mambo haya yangejulikana hadharani mapema, kikosi kingevunjwa mapema. Namheshimu kwa kusema hivyo. Alifika hapo kwa sababu watu waliosikia majina ya bandia walijitambua, wakaja, wakala kiapo, wakaeleza. Hayo asingeyapata kwenye mafaili.

Kwa hiyo kwa wale waliobaki wamefichwa pande zote mbili, ombi langu ni hilo la wanawake wa London na la akina Lawrence. Jina la bandia litolewe, pamoja na picha ya enzi zile, kwa kuwa sura ya kijana mwenye ndevu za 1975 haimwelekezi mtu kwa mzee wa leo, ila inamkumbusha aliyeishi naye. Jina halisi libaki kwa jaji, na jaji alilinde pale penye hatari iliyothibitishwa.

Tume za uchunguzi ni chombo tulichokirithi kutoka kwa Waingereza haohao, na sheria zetu za tume, Kenya na Tanzania, zimetokana na za kwao. Siku itafika, kama haijafika, ambapo askari kanzu wa kwetu ataitwa mbele ya tume, na wakili wake atasimama kuomba afichwe. Hilo litakapotokea, mabishano yasianzie hapo, shahidi akiwa mlangoni na familia zikiwa zimeshakaa kwenye viti. Anayeandika hadidu za rejea za tume aweke kifungu tangu mwanzo: jina alilolitumia askari kwa wananchi ni la wananchi, litatangazwa kabla ya shahidi wa kwanza kuapa, na waliomjua kwa jina hilo watapewa muda wa kuja kusema.